Skrini ya Wodini Isiseme Uongo

Muuguzi anapoinua macho kuitazama skrini iliyo kando ya kitanda, huiamini kama anavyoyaamini macho yake. Imani hiyo hujengwa na mtu asiyeonekana wodini, yaani mtunzi wa programu. Ninaona kwamba wakati umefika kwa wahudumu wa afya kuketi naye.

Historia inatuonya. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki dunia. Huko Tyler, Texas, Machi 1986, mhudumu aliandika herufi isiyo sahihi, kisha akaisahihisha upesi. Skrini ilionesha masahihisho. Ndani ya mashine, sehemu ya mipangilio ya awali ilikuwa haijabadilika. Mgonjwa aliungua, na skrini ikataja tu hitilafu namba 54, bila kueleza maana yake.

Kwa mtindo wa zamani, mtunzi huiamrisha kompyuta hatua kwa hatua: pokea kipimo, futa namba iliyopo, andika mpya, badili rangi. Hatua moja ikisahaulika, skrini hubaki na habari iliyopitwa na wakati. Mtindo mwingine ni wa kutangaza uhusiano badala ya kuamrisha hatua. Mfano wake ni QML, lugha iliyotolewa mwaka 2010 ndani ya Qt, zana iliyoanzia Norway. Humo mtunzi hutamka mara moja kwamba namba hii iwe nyekundu wakati wowote oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90. Mfumo wenyewe huutunza uhusiano huo kila kipimo kinapobadilika. Tena, maandishi yaleyale huweza kutumika katika kompyuta za Windows, macOS na Linux, hivyo muuguzi anayehamishwa kituo hahitaji kujifunza skrini upya.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Sentensi ile kuhusu oksijeni ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya kompyuta. Nani aamue kiwango? Na kifaa kikichomoka kidoleni, skrini ioneshe nini? Kanuni hiyo isipotangazwa, skrini itaendelea kuonesha kwa uaminifu namba ya mwisho iliyopokea, na uaminifu wa namna hiyo ni hatari.

Sisemi kwamba mtindo huu ni dawa ya kila kitu. Therac-25 ilikosa pia vizuizi vya kimitambo vilivyokuwamo katika mashine zilizoitangulia. Hakuna lugha ya kompyuta inayoweza kufidia pengo hilo. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa uwazi mahali pamoja ina faida kubwa: hata asiye fundi anaweza kusomewa, akaipinga.

Basi, wahudumu wenzangu, kabla ya kuupokea mfumo mpya, tuombe tusomewe kanuni zake kwa Kiswahili, tuzijaribu kwa vifaa vilivyochomolewa na kwa makosa yaliyosahihishwa haraka. Nawe mgonjwa, ukiona kifaa kimetoka kidoleni na namba bado inang'aa, mwambie muuguzi. Hujamkosea adabu, umemsaidia kukutibu.