MWALIMU WA SIMU ASIKIE JIBU



Tumesikia kwamba masomo ya wawakilishi wetu wa kazini sasa yatafundishwa kwa simu, ili mtu asipoteze siku za kazi na nauli akienda Nairobi. Hatukatai. Lakini kwanza tukumbuke mwaka 2020.

Mwezi wa Machi mwaka ule serikali ilifunga shule kwa ajili ya Korona. KICD ikaleta masomo kwa redio ya KBC, kwa televisheni na kwa intaneti. Darasa la Nne, la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hapa Pioneer mtoto wa nyumba hii alisoma, na wa nyumba ya pili akacheza uani. Katika nyumba zetu nyingi simu ilikuwa moja, nayo iliondoka na baba kwenda zamu.

Hata palipokuwa na redio palikuwa na kasoro. Mwalimu aliuliza swali, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana!" Alimsifu nani? Mtoto alikuwa amelala. Hatumlaumu mwalimu, maana hakuwa na njia ya kusikia.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Stesheni masta akipeleka habari ya treni kwa simu, mwenzake wa stesheni ya mbele huirudia neno kwa neno. Asipoirudia, habari haijafika, hata kama simu ilisikika wazi kabisa. Na mwisho wa miaka ya 1960 walimu wasio na vyeti walisoma kwa posta na redio kutoka Kikuyu. Waliandika majibu, yakasahihishwa, yakarudishwa. Barua ilikwenda polepole, lakini ilikwenda na kurudi.

Basi twataka masomo ya chama yawe hivyo. Mwalimu asiseme saa mbili mfululizo. Aseme dakika ishirini, aulize, na kila mmoja ajibu kwa ujumbe mfupi, hata mwenye mulika mwizi. Karatasi za somo zifike tawini mapema, kwa maana aliye zamu ya usiku hatasikia lolote saa ile. Bando zilipwe na chama, si na mwanachama. Tena watu wanne au watano wakae pamoja chumba kimoja na simu moja, ili asiyefahamu amwulize jirani bila haya.

Tunasema hivi kwa sababu mwakilishi hasomi kwa kujifurahisha. Kesho ataingia ofisini na ndugu aliyeshtakiwa kazini, mkataba mkononi. Kama alikuwa akiitikia tu "ndiyo, ndiyo" kwenye simu, na kifungu cha rufani hakukielewa, atakayefukuzwa si mwalimu.

Katika mkutano ujao wa tawi tutauliza: nani atasahihisha majibu, na yatarudi baada ya siku ngapi?