UNGA WA KUSAFISHA SUMU USIWE KISINGIZIO



Siku hizi twaambiwa kuwa sumu ikiingia majini au ardhini si neno, kwani upo unga wa vimeng'enya wa kuisafisha. Yafaa tuupime usemi huo kabla ya kuupigia makofi.

Kimeng'enya hutengenezwa na kila kiumbe hai. Ndicho kinachovunja chakula tumboni mwetu. Kila kimoja kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake. Kipo cha mafuta, na kipo cha baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Huko Australia, shirika la utafiti la CSIRO lilipata vimeng'enya vya namna hiyo katika bakteria wa udongoni, likavijaribu katika maji ya mashamba ya pamba. Sumu ilipungua. Basi jambo lenyewe si uzushi.

Lakini ufunguo mmoja haufungui kila mlango. Risasi na kromiamu ni metali. Hakuna kimeng'enya cha kuzivunja. Joto kali na asidi kali huharibu vimeng'enya vingi. Hata unga wa vyooni una mashaka: watafiti wa Afrika Kusini walipoupima katika miaka ya 2000, shimo lililotiwa unga halikupungua kuliko lisilotiwa kitu.

Tuitazame Dzaleka, wilayani Dowa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wasiozidi 12,000. Leo wamepita 50,000. Watu wakisongamana hivyo, choo na kisima hukaribiana. Kipindupindu kilichozuka Malawi mwaka 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700. Kinga yake ni klorini, choo imara na maji safi, wala si unga wa dukani.

Na ndugu wa viwanda vya Kanengo, Lilongwe, pamoja na wale wafanyao ganyu katika mashamba ya tumbaku, wasikubali unga huo ushike nafasi ya glavu, ya buti, na ya bwawa la kusafishia maji machafu kabla hayajafika mtoni. Unga unaotiwa majini au ardhini hauwezi kuitoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini mwa mpulizaji dawa.

Kwa hiyo mwajiri akileta unga, tusiukatae. Tumwulize: unavunja sumu gani? Nani amepima maji kabla na baada? Majibu yako wapi? Kisha tumkumbushe kuwa anayechafua ndiye asafishe, na asiyechafua hana la kusafisha.