Bakteria wa maziwa kugeuzwa dawa ya tumbo: tusishangilie mapema

Wadau, habari za bakteria waliobadilishwa jeni ili watulize utumbo uliovimba zinazunguka kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na kila zikirudi unaona kichwa kile kile: tiba imepatikana! Hebu tuzichambue taratibu, maana kuna watu wanaumwa kweli.

Magonjwa yenyewe ni mawili hasa, Crohn na lile la vidonda vya utumbo mpana. Kwa lugha rahisi, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake yenyewe. Mtu anaharisha, mara nyingine damu, tumbo linakata, kilo zinapungua. Dawa za kutuliza kinga zipo, ila nyingi zinasambaa mwili mzima na kumwacha mgonjwa wazi kwa maambukizi mengine. Ndio maana wazo la kuwa na kiwanda kidogo cha dawa ndani ya utumbo kwenyewe si la kupuuza.

Mwaka 2000 Lothar Steidler na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walimchukua Lactococcus lactis, bakteria anayetumika kutengeneza jibini na maziwa ya mgando, wakampa jeni ya kutengeneza interleukini-10, protini inayoiambia kinga ipoe. Panya waliolishwa bakteria huyo, uvimbe ulipungua karibu nusu.

Hapo swali likaja: akitoka chooni akasambaa mtaani je? Mwaka 2003 walijibu kwa akili sana. Jeni ya interleukini-10 ya binadamu waliiweka mahali pa jeni ambayo bakteria anaihitaji kutengeneza thaimidini. Bila thaimidini hawezi kujenga DNA yake, kwa hiyo akikosa kulishwa anakufa. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya Amsterdam: wagonjwa 10 wa Crohn, siku 7 za matibabu, hakuna madhara makubwa na ugonjwa ulipunguza makali. Watu wakashangilia.

Jaribio kubwa zaidi likafuata, safari hii kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, na baadhi yao wakipewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya 2009: bakteria ni salama, lakini hakuwashinda wale wa kidonge kitupu. Kwisha habari.

Kwa nini? Mimi naona mambo mawili. Kwanza, wale 10 wa Amsterdam hawakuwa na kundi la kulinganisha nao, na magonjwa haya yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Pili, interleukini-10 yenyewe ilishachomwa kwa sindano kwa wagonjwa wa Crohn, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuridhisha. Yaani tatizo huenda si msafirishaji tu, hata mzigo wenyewe una mashaka.

Utafiti haujafa. Mwaka 2021 wanasayansi wa Boston walionyesha hamira iliyobadilishwa ili itambue dalili ya uvimbe na kutoa dawa pale tu inapohitajika. Hiyo naikubali zaidi, kwa sababu dawa inafuata ugonjwa ulipo. Lakini ni panya tena, jamani.

Hadi leo hakuna bakteria wa namna hii aliyeidhinishwa kuuzwa kama dawa ya magonjwa haya. Kwa hiyo ukiona tangazo la vidonge vya "bakteria wazuri" likijinadi kwa utafiti huu, jua unauziwa mbuzi kwenye gunia. Mtindi wa dukani nao ni chakula kizuri, ila bakteria wake hawana jeni hiyo. Na kama una ndugu anayetumia dawa za hospitali, asiziache kwa sababu ya kitu alichosoma kwenye kompyuta.

Maswali yangu kwa kila habari mpya ni matatu: ni panya au watu? Wangapi? Walilinganishwa na nani? Ukiyajibu hayo, nusu ya miujiza inayeyuka.

Nawasilisha. Nyie mnaionaje?