Seva itume, isipokee

Bandugu wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Lubunga,

Kila tukisema kwamba harakati iwe na seva yake ya kutuma matangazo kwa barua pepe, wengi wanaulizaka: na majibu yataingilia wapi? Msimamo wetu ni huu: yasiingie. Seva itume tu.

Juu ya nini? Sanduku lenye kupokea barua linajaa majina: nani ameuliza, nani amelalamika, nani ameshuhudia watu wakipigwa. Siku mashine ikikamatwa, ao mtu akiivunja kwa mbali, majina yote yako mkononi mwake. Barua ambayo haikupokelewa haiwezi kuibiwa.

Kazi yenyewe si kubwa. Kwa Linux, programu ya Postfix inataka mistari miwili. inet_interfaces = loopback-only, ili isikilize ndani ya mashine peke yake. mydestination = na mbele yake pabaki patupu, ili isimwekee mtu barua hata moja. Kisha relayhost, jina la seva ya kupitishia barua, sababu kampuni nyingi za intaneti zinafungaka mlango namba 25. Na domeni iwe na SPF ao DKIM: tangu Februari 2024 Gmail inadai hivyo kwa kila anayetuma.

Lakini tusijidanganye, mambo mawili yanabaki.

La kwanza ni logi. Postfix inaandika anwani ya kila aliyetumiwa barua. Seva isiyopokea bado inawajua wenzetu. Kwa hiyo logi zifutwe mara kwa mara, na diski ifungwe kwa neno la siri.

La pili ni intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ilikatwa nchini. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Postfix usipoiambia kitu inajaribu siku 5, halafu inaacha. Matangazo ya siku zile yangekufa kwenye foleni. Seva yenye kukaa hapa Kisangani iandikiwe maximal_queue_lifetime = 30d.

Majibu yenu tunayataka sana, lakini uso kwa uso. Kila barua iseme mwishoni: usijibu hapa, njoo kwenye mkutano wa mtaa wako. Na wewe unayejua Linux, njoo tuiweke seva hii sasa, kabla intaneti haijakatwa tena.

Tuko pamoja.