JICHO LITANGULIE, MTU AFUATE



Kila mmoja wetu aliyefanya kazi ya mabomba aijua habari hii. Choo cha mtaa kimeziba Jumatatu. Fundi anaitwa, anasukuma fimbo, maji yanashuka, watu wanashukuru. Jumatatu ya pili kimeziba tena. Sasa tajiri haulizi bomba lina nini. Amuuliza fundi juma lililopita alifanya kazi gani. Kikiziba mara ya tatu, fundi anaandikiwa barua ya onyo.

Sisi twasema barua hiyo imeandikwa gizani. Aliyeiandika hakuona ndani ya bomba, na aliyeandikiwa hakuona pia.

Siku hizi kiko chombo cha kuondoa giza hilo. Ni kamera ndogo yenye taa zake, iliyofungwa mwisho wa waya mrefu mgumu. Fundi huisukuma ndani ya bomba na kutazama picha katika kioo kilicho mbele yake, na kipimo humwonyesha ni mita ngapi zimeingia. Nyingine hutoa mawimbi ya redio, na mwenziwe aliye juu ya ardhi, akiwa na chombo cha kuyapokea, hutia alama mahali pa kuchimba. Basi huchimbwa shimo moja mahali pake, badala ya kupindua ua mzima kwa sururu kwa kubahatisha.

Bomba linaloziba mara kwa mara lina sababu, na sababu hazifanani. Mizizi ya miti hufuata unyevu, ikaingia penye kiungo cha bomba la udongo na kuota ndani kama ndevu. Fimbo hutoboa tundu katikati yake na maji yakapita, lakini mizizi imebaki. Mahali pengine ardhi imedidimia, bomba likalegea kama tumbo, na uchafu watua hapo kila siku. Pengine mafuta ya jikoni yameganda, au bomba limevunjika. Mafuta fundi aweza kuyaondoa. Bomba lililovunjika halizibuliwi kwa fimbo, hata akisukuma mwaka mzima. Hapo ni juu ya tajiri kutoa fedha litiwe jipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini uhai ni mkubwa kuliko barua. Hewa ya sumu itokayo katika maji machafu ni nzito kuliko hewa tuivutayo, nayo hukaa chini ya shimo. Ikiwa kidogo yanuka kama yai viza. Ikizidi huifisha pua, hata mtu akadhani imeondoka. Aingiaye huanguka, na mwenziwe arukaye kumwokoa huanguka juu yake. Na mara nyingi mtu hushushwa ili atazame tu. Kama haja ni kutazama, kamera na itazame. Kamera haina mke wala watoto wa kuiombolezea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka tajiri amlinde mfanyakazi na kumpa vifaa vya kujikinga bila kumtoza. Mfanyakazi aonaye hatari kubwa yampasa amwarifu msimamizi wake, na tajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Kila mwanachama na aijue sheria hii.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kamera haizibui. Bomba likijaa maji machafu haioni kitu, mpaka kwanza lisafishwe. Wala haipimi hewa. Tajiri asiseme amenunua kamera, kisha siku ambayo mtu hana budi kuingia akamnyima kipima hewa, kamba, na mwenziwe wa kumlinda mlangoni mwa shimo.

Wako wenzetu waogopao kwamba mashine itawanyang'anya kazi. Sisi twajibu kwamba picha ya bomba haisomwi na mtu asiyejua mabomba. Hatari iko pale ambapo kamera itashikwa na kontrakta peke yake, na mafundi wetu wakabaki na fimbo. Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Mtu asishushwe shimoni kutazama jambo ambalo kamera yaweza kulitazama.

2. Wanachama wafundishwe kazi ya kamera katika saa za kazi, kwa gharama ya tajiri, na ujuzi huo uonekane katika mshahara.

3. Fundi asipewe onyo kwa sababu ya bomba lililoziba tena kabla bomba hilo halijatazamwa, na picha zake zihifadhiwe ili mjumbe wetu azione.

Kila mjumbe wa tawi aandike orodha ya mabomba yanayoziba mara kwa mara mahali pake pa kazi, pamoja na tarehe, aje nayo mkutanoni. Tukikaa mezani na matajiri tuwe na orodha mkononi, si manung'uniko matupu.

Umoja ni Nguvu.