Ukijani wa Nyasi Usitudanganye

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, msafiri apitaye nyanda za juu za Mbulu huona malisho ya kijani mabondeni na kando ya mito, ilhali sehemu nyingi za nchi yetu zimekwisha kukauka. Ukungu hutanda asubuhi, baridi huuma, na majani ya kikuyu hung'aa kwa umande. Msafiri huyo huweza kudhani kwamba ng'ombe wa huko hawana shida. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini dhana hiyo si sahihi, na hatua gani zapasa kuchukuliwa na vijiji vya Mbulu na Hanang.

Jambo hili nililijua kwanza mbali na nyumbani. Nilipokuwa masomoni Uingereza, njia yangu ya kwenda maabara ilipita kando ya kiwanja cha gofu. Mwaka mmoja baridi ilikawia kuondoka, na mwezi wa Aprili ukawa kama Februari. Kila asubuhi mzee mtunzaji wa kiwanja alichomeka kipimajoto ardhini, akaandika katika daftari lake, kisha akaondoka bila kuwasha mashine ya kukatia. Wachezaji walinung'unika, kwani kalenda ilisema majira ya kuchipua yamefika na kiwanja kilikuwa kijani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba nyasi zile zilikuwa hai lakini hazikui, na kila jani ambalo angelikata lisingerudi kabla ya mwezi kwisha.

Mzee huyo alikuwa akifuata kanuni za sayansi. Jani ndilo jiko la mmea: humo mwanga wa jua hugeuza maji na hewa kuwa chakula. Chakula kinachozidi huwekwa akiba katika mizizi na mashina yatambaayo. Baridi inapozidi, kazi ya jiko hilo hupungua na majani mapya hayatoki. Nyasi za Ulaya huanza kukua udongo ufikapo joto la nyuzi 5 au 6 za Sentigredi. Nyasi za nchi za joto huhitaji zaidi. Nyingi hudumaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 15. Kwa sababu hiyo watunzaji wa viwanja wana desturi ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, na wakati wa baridi huliacha liwe refu zaidi. Wakikata zaidi ya hapo, mizizi nayo husita kukua, na mmea huanza kula akiba yake.

Sasa turejee Mbulu. Kijani cha mwezi wa Julai ni kijani cha majani yaliyokua wakati wa mvua. Baridi ya usiku huyazuia kuongezeka, lakini ng'ombe huendelea kula kiasi kile kile. Mfugaji huona rangi na kuamini kwamba malisho yapo, kumbe anakula akiba bila kuweka. Inapofika Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali na mvua bado iko mbali, majani yamekwisha guguniwa hadi ardhini.

Hatari ya pili huja na mvua za kwanza. Nyasi zilizodhoofika hutoa machipukizi kwa kutumia akiba ya mwisho iliyobaki mizizini. Mpaka mmea upate majani matatu au manne yaliyokunjuka, unatumia kuliko unavyozalisha. Hapo ndipo mifugo yenye njaa hufunguliwa. Chipukizi huliwa, akiba huisha, mzizi hufa, na kwato huukandamiza udongo uliolowa. Mvua kubwa zinapofuata hukuta ardhi tupu, nayo huchukuliwa na maji na makorongo hupanuka. Mahali palipokuwa na nyasi za kudumu huota magugu yasiyolika.

Kuna jambo la kusikitisha hapa. Majani ya kikuyu ni ya asili ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Yalichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupelekwa sehemu nyingi za dunia, na leo yametandaa katika kiwanja maarufu cha gofu cha Riviera, Los Angeles. Huko yana wataalamu na vipimo vyake, ili mpira mdogo ukae vizuri juu yake. Nyumbani kwao, ambako yanabeba maziwa ya watoto na karo za shule, tunayaona kama kitu kinachojiotea chenyewe. Mahindi tunayaita mazao; nyasi hatuziiti hivyo. Kosa letu huanzia hapo.

Napendekeza kipimo kisichohitaji fedha. Kila kijiji kizungushie miiba kipande cha malisho chenye mita moja ya mraba katika sehemu tatu au nne. Mwezi wa Juni majani yaliyomo yapimwe kwa rula, yapimwe tena baada ya majuma mawili, na kuendelea hivyo. Yasipoongezeka, kijiji kitajua kwamba malisho yanaliwa bila kurudi, na sehemu yake ifungwe mapema. Mvua zikianza, malisho yasifunguliwe kwa tarehe, bali kwa hesabu ya majani ndani ya miiba. Kijana wa darasa la sita aweza kuifanya kazi hii, na daftari lake litakuwa na thamani kubwa kwa afisa mifugo wa kata.

Najua jibu nitakalopewa: ng'ombe mwenye njaa haambiwi asubiri. Jibu hilo ni la haki, na mtaalamu asiyelisikiliza hafai. Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1940 na 1950, viongozi walimlaumu mfugaji wa Mbulu kwa wingi wa mifugo wakamlazimisha kuipunguza. Hata hivyo elimu ya kusubiri haikuwa ngeni kwa wenyeji. Wairaqw wa milimani wamefugia ng'ombe nyumbani kwa vizazi vingi, wakiwakatia majani na kurudisha samadi shambani. Wabarabaig wa Hanang walihamisha makundi kwa majira, wakipumzisha sehemu moja walipotumia nyingine. Mpango huo ulihitaji nafasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya ngano ya shirika la umma, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 katika eneo la Basotu, zikiwemo sehemu zilizokuwa malisho bora ya wakati wa mvua. Aliyenyimwa mahali pa kwenda hawezi kupumzisha mahali alipo.

Kwa hiyo kipimo peke yake hakitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 zinaruhusu kutengwa na kulindwa kwa malisho. Halmashauri za Mbulu na Hanang hazina budi kuzitumia kabla vipande vilivyobaki havijagawanywa kuwa mashamba. Mfano upo Shinyanga, ambako ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, zilifufuliwa na mradi ulioanza mwaka 1986. Nako majumbani, mabua ya mahindi na matete yahifadhiwe mapema, ili mwezi wa Novemba mfugaji awe na kitu cha kuweka horini wakati nyasi zinajenga mizizi.

Mzee wa Uingereza aliweza kuwaambia wachezaji warudi baada ya majuma matatu, na hakuna aliyelala njaa. Mfugaji wetu hana uwezo huo asipopewa nafasi na akiba. Tumpe vyote viwili, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwambia asubiri.