Kitu cha kumbukumbu kikianza kunata

Familia nyingi zina sanduku la bati, begi kuukuu au rafu ya juu ya kabati ambayo haiguswi mpaka kutokee msiba, harusi au kuhama nyumba. Humo mna redio kaseti ya baba, mwanasesere wa binti ambaye sasa ana watoto wake, kamera isiyotumika tena, albamu ya picha, pengine na raba zilizoletwa kutoka Ulaya zikavaliwa mara mbili tu. Siku sanduku linapofunguliwa, kamera inanata kama imepakwa asali, mwanasesere anatoka jasho, na soli ya raba inameguka mkononi kama keki kavu. Lawama huangukia joto, panya au mtoto aliyemwaga soda. Mara nyingi hakuna aliyemwaga chochote.

Mpira na plastiki huzeeka hata vikiwa vimelala. Mpira wa asili, ule utokanao na utomvu wa mti, huliwa polepole na oksijeni ya hewani. Charles Goodyear alipata hataza mwaka 1844 ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usilainike kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi, lakini uzee wenyewe haukuondoka. Plastiki laini ya wanasesere na mifuko ya albamu, iitwayo PVC, huchanganywa kiwandani na mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo hayakushikamana nayo milele. Miaka ikipita hutoka nje kidogo kidogo, na ndiyo yale majimaji yanayonata. Kisha kuna ule utando laini kama mpira unaopakwa juu ya kamera, darubini na rimoti. Mara nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, na adui yake ni unyevu wa hewa. Soli nyingi za raba ni za jamaa hiyo hiyo. Ndiyo maana viatu vilivyotunzwa kwa ajili ya sikukuu huweza kuachana na soli siku ya sikukuu yenyewe, na watu wa Tanga, Mombasa na Zanzibar, wanaoishi na hewa ya bahari, hukutana na balaa hili mapema kuliko wa bara kwenye ukavu.

Vingi kati ya hivyo ni vitu vya kusikitikia tu. Kaseti ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake huenda mna sauti ya mtu ambayo haipo mahali pengine popote.

Katika nyumba moja babu alikuwa amerekodi upande mmoja wa kaseti akiwataja watu wa ukoo, nani alimzaa nani na walihama kutoka wapi. Baada ya arobaini mjukuu aliitoa kaseti ile pamoja na redio ya marehemu, akachomeka waya ukutani. Taa ikawaka.

“Mwanangu, usiiweke hiyo,” shangazi yake akamwambia. “Redio imelala miaka mingapi? Ijaribu kwanza na kaseti ambayo hatuitaki.”

“Lakini shangazi, si umeona inawaka?”

“Kuwaka si kuzunguka.”

Waliweka kaseti ya matangazo ya zamani. Ilicheza kwa sekunde chache, sauti ikazama, kisha utepe ukaanza kujikunja ndani ya mashine. Hivyo ndivyo kaseti zinavyoliwa. Redio ya aina hiyo huendeshwa na mikanda myembamba ya mpira inayounganisha mota na magurudumu. Mkanda ukilainika huteleza: kirola bado kinausukuma utepe mbele, lakini gurudumu la kuupokea halina nguvu ya kuuvuta. Walipoifungua, mkanda mmoja ulikuwa umegeuka uji mweusi kama lami. Kama shangazi angenyamaza, uji ule ungekula majina ya ukoo.

Kazi ya kusafisha si ngumu, ila inataka subira. Umeme huchomolewa na betri hutolewa. Kabla ya kugusa chochote, picha hupigwa kwa simu ili ijulikane mkanda ulipita wapi. Glavu ni lazima, maana lami ile ikishika vidole au kitambaa cha meza haitoki kirahisi. Uji mwingi huondolewa kwa kijiti cha mbao, unaobaki hufutwa kwa pamba yenye alkoholi ya aisopropili, ambayo mafundi simu wengi wanayo. Petroli na tina viachwe mbali: huyeyusha plastiki nyingi, na petroli ndani ya nyumba ni kuuita moto.

Mkanda mpya hupimwa kwa uzi unaozungushwa pale ulipopita wa zamani, kisha huchaguliwa ulio mfupi kidogo ili ukaze. Bendi ya kufungia noti haifai. Itazungusha, ndiyo, lakini kwa mwendo wa mlevi, na sauti ya marehemu itapanda na kushuka kama inatoka chini ya maji. Asiye na mkono wa kazi hii ampelekee fundi redio wa zamani, au aazime mashine nzima. Familia ile iliazima ya jirani, ikaijaribu nayo kwanza, kisha ikamsikiliza babu huku simu ikirekodi. Kabla ya hapo walivunja vijimeno viwili vilivyo nyuma ya kaseti, vile vinavyoruhusu kurekodi juu yake. Hilo huchukua sekunde mbili, na ni ajabu ni watu wangapi walifuta harusi zao kwa kutolifanya.

Mwanasesere anayetoka jasho huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, akafutwa, akakaushwa kivulini. Atanata tena baadaye, na ataoshwa tena. Poda hufunika tu. Kamera au darubini inayonata hufutwa kwa alkoholi ile ile kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, lakini kwanza kwenye kipembe kisichoonekana, maana alkoholi huweza kufuta maandishi, hata jina la kampuni. Utando wote ukitoka, chini yake kwa kawaida hubaki plastiki ngumu, isiyopendeza kama zamani lakini inayoshikika. Lenzi isiguswe katika kazi hiyo. Soli iliyomeguka haiponi. Fundi viatu anaweza kubandika nyingine, kama sehemu ya juu bado ni nzima.

Kosa la kuhifadhi ambalo karibu kila nyumba hulifanya ni kukifunga kitu ndani ya mfuko wa nailoni na kuubana kabisa. Kwa PVC hiyo ni kuipika ndani ya mvuke wake yenyewe. Ni afadhali sanduku linalopitisha hewa kidogo, mahali pa baridi na giza, si chini ya bati la paa, na kila kitu kikiwa peke yake ndani ya karatasi nyeupe isiyo na wino. Waya laini wa umeme ukiachwa umelalia boksi la povu jeupe huzama ndani yake kana kwamba umechomwa. Dawa ya nondo nayo isikae karibu, kwani mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Bendi za mpira ziondolewe kwenye barua na picha leo hii: zikinata huacha alama isiyofutika, na salfa iliyomo huitia weusi bangili ya fedha iliyowekwa kando yake.

Picha zilizogandana na mfuko wa albamu zisivutwe kwa nguvu, kwa sababu kinachobanduka ni uso wa mtu. Kwanza zipigwe picha kwa simu juu ya mfuko, mchana, karibu na dirisha, albamu ikiinamishwa mpaka mng'ao upotee. Halafu mfuko ukatwe pembeni kwa wembe, na uzi wa kusafishia meno upitishwe nyuma ya picha taratibu. Inayokataa kutoka iachwe ilipo.